Kidonge cha Baba kwenye Tone la Maji

Baba alinipa kidonge kimoja kwa sharti kwamba nikimaliza nije nimwambie wadudu wangu wamesema nini.

Alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani, blanketi limemfika masikioni ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Tumbo lilikuwa limemshika kwa muda. Anaharisha, anatapika, halafu miguu inamkataa. Akitaka kwenda chooni lazima nimshike kwapani. Nyumbani tulisema ni tumbo tu. Tulimpa chai ya rangi yenye tangawizi, tukamnyima maziwa, tukangoja lipite.

"Kimoja tu?" akauliza.

"Kimoja, baba."

"Na hao wadudu nao wana gauti?"

"Hawana miguu, baba."

"Basi wana bahati."

Nikacheka, kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kucheka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiishi tangu mama afariki: naangalia watu wanafanya nini, nami nafanya, nikichelewa kidogo. Msibani niliona wanawake wanakaa chini, nikakaa. Walipolia nilifunika uso kwa kanga, ndani ya kanga macho yangu makavu yakitazama nyuzi zilivyopishana. Nilikuwa nikijiambia kwamba machozi yatakuja nikishamaliza kuosha vyombo. Vyombo vikaisha.

Nje, kati ya simtanki na ukuta wa jiko, palikuwa na matofali ya kujengea kaburi la mama. Yaliletwa, yakapangwa, mvua ikayanyeshea mpaka yakaanza kuota ukijani kwenye pembe. Fundi alikuwa tayari. Aliyesema bado ni baba. "Mke wangu hajengewi mimi nikiwa kitandani," alisema, na hakuna aliyembishia. Kwa hiyo kila asubuhi nyumba nzima ilikuwa inaulizana jambo moja tu: mzee amesimama? Fundi naye alikuwa anapiga simu kuuliza hilohilo. Kwa maneno hayohayo: mzee amesimama?

Alikuwa hajasimama. Kila nilipomshika kwapani nilimwona mwepesi kuliko siku iliyopita.

Wadudu wangu si wadudu. Ni mwani. Si ule wa baharini unaoanikwa na kuuzwa. Huu ni wa maji baridi, ule ukijani unaoingia kwenye ndoo iliyosahauliwa chini ya mchirizi wa bati. Kwetu Kawetele ukisahau ndoo nje, baada ya muda unakuta bustani. Kila mmoja wao ni seli moja tu, yenye umbo la yai, na kwa mbele ina mikia miwili. Najua mkia haukai mbele. Nimetafuta neno bora sijalipata, na jambo hilo linanikera zaidi ya inavyostahili. Mikia hiyo huipiga kama mtu anayeogelea kwa mikono, na ndiyo inayoipeleka seli kwenye mwanga.

Sikusomea mambo haya. Matokeo yangu ya kidato cha sita hayakunifikisha nilikotaka, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kitu kikamilike au kisiwepo kabisa, sikuomba mahali pengine. Nikapata kazi kwenye duka la stesheneri mjini Tukuyu: natoa fotokopi, nachapa barua za watu, naprinti mitihani ya shule. Mashine inapounguruma mimi nasoma kwenye simu. Hadubini nilipewa na mwalimu wangu wa baiolojia shule yao iliponunua mpya. Shingo yake imelegea, nimeifunga kwa mpira wa baiskeli. Haina taa, ina kioo cha chini kinachokamata mwanga wa dirishani, na Rungwe mwanga ni kitu cha kuvizia. Ukungu ukishuka asubuhi sioni kitu. Mvua ikija mchana sioni kitu. Nimeshawahi kuandaa kila kitu, vijichupa vimechemshwa mara tatu, lebo zimeandikwa upya kwa sababu mstari wa kwanza ulipinda, halafu wingu likakaa juu ya mlima Rungwe siku nzima nami nikakaa kitandani nimeukodolea macho ule mpira wa baiskeli.

Nilichokuwa nikikitafuta ni hiki. Ukiipa seli hiyo asidi ya ghafla, hata siki ya jikoni, inaiangusha mikia yake yote miwili. Haifi. Inazama chini, inatulia, halafu inaanza kuotesha mingine, na kwa muda wa kupika chungu cha maharage inakuwa imeshaanza kuogelea tena. Mikia imejengwa kwa protini ambazo mimi huziita matofali, kwa sababu zinapangwa moja juu ya nyingine. Seli ina akiba kidogo ya matofali hayo ndani. Mikia ikikatika, inawasha tanuru na kufyatua mengine kwa haraka.

Kuna dawa inayozima tanuru lenyewe. Ukiiweka, hakuna protini mpya inayotengenezwa, lakini mikia inaota vilevile, kwa kutumia akiba, mpaka karibu nusu ya urefu wake. Hapo inakoma. Nilisoma hilo nikiwa dukani, nikalirudia mpaka mteja akagonga kaunta kwa funguo. "Dada, umelala?" Sikuwa nimelala. Nilikuwa nafikiria kiumbe kisichoweza kutengeneza chochote kipya ambacho bado kinafika nusu.

Dawa hiyo sina, wala sijui ningeipata wapi. Ila kuna ya pili. Hii inayashika matofali yasipangike. Yanabaki yamezagaa ndani ya seli, na seli ikiona yamezagaa, inapunguza kufyatua mengine. Mkia hauoti hata kidogo. Na dawa hii ya pili, niliposoma jina lake, nilikwenda kabatini nikatoa pakiti ya baba, nikalisoma jina herufi kwa herufi, nikarudi kwenye simu, nikaenda tena kabatini. Ilikuwa ileile. Dawa ya gauti. Nilikuwa nampa kimoja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na maji ya uvuguvugu, nikisimama pale mpaka ameze.

Zamani hiyo ilikuwa kazi ya mama. Alipoondoka, niliichukua bila kuulizana na mtu.

Hapa lazima nieleze nyumba yetu. Tulikuwa wanne: baba, mimi, kaka yangu na mke wake. Kaka yuko kiwanda cha chai. Akirudi analala, akiamka anaondoka. Kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa ya wifi yangu na baba, watu wawili ambao hawakuruhusiwa kuonana. Kwa sisi Wanyakyusa wewe na mke wa mtoto wako hampishani njiani, hamkai chumba kimoja, yeye hataji jina lako, na wewe humsemeshi. Ni heshima na ni hofu, vyote kwa pamoja. Kanisani siku hizi wengi wameachana na mambo hayo, lakini baba ni wa zamani, na wifi alilelewa na bibi yake, kwa hiyo walikubaliana vizuri kutoonana. Mama ndiye alikuwa katikati. Chakula kilipita kwake, salamu zilipita kwake, hata magomvi yalipita kwake yakifika upande wa pili yamelainika.

Mama alipoondoka, katikati pakabaki kigoda. Wifi anapika, anaweka sahani kwenye kigoda nje ya mlango wa baba, anakohoa, anaondoka. Baba anasikia kikohozi, anahesabu pumzi kadhaa, anafungua. Tumbo lilipombana ikawa haamki, basi wifi anangoja asikie amekoroma ndipo aingie kinyumenyume, kanga usoni, achukue beseni la matapishi akaoshe. Mimi nikirudi kutoka mjini nakuta ameshakula au ameshakataa. Na mimi na wifi tulikuwa tunaongea, si kwamba tulinuniana. Tuliongea mambo ya chumvi na kuni.

Jumapili hiyo kulikucha kweupe. Wifi alikwenda kanisani. Nikaweka meza dirishani, nikageuza kioo mpaka duara la hadubini likajaa mwanga.

Nilikuwa na vijichupa vitatu, vile vya sindano za ng'ombe, vimeoshwa. Kila kimoja matone machache tu ya maji ya kijani. Vyote vitatu nilivipa siki, nikapima kwa karatasi ya litmasi, nikarudisha maji yake kwa magadi soda kabla seli hazijafa. Nikachungulia: zote zimelala chini. Kichupa cha kwanza nikakiacha. Cha pili nikatia kidonge cha baba kilichosagwa, kizima, kwa sababu mwani huu ni mbishi na unahitaji dawa nzito kuliko mtu. Cha tatu nikatia unga wa muhogo, maana kidonge ndani yake kina wanga, na nilijua nisipofanya hivyo nitakuja kukosa usingizi nikijiuliza kama ni dawa iliyofanya kazi au ni wanga.

Kisha nikabandika maharage, kwa sababu maharage yalihitaji kupikwa, na kwa sababu ndiyo saa niliyokuwa nayo akilini.

Yalipoiva nilirudi. Kichupa cha kwanza: wanatembea. Wanagongana, wanageuka, wanakimbilia ukingo wenye mwanga. Cha unga wa muhogo: wanatembea. Cha kidonge nilikiangalia muda mrefu zaidi. Seli zilikuwa nzima, za kijani safi, hakuna iliyopasuka, na hakuna hata moja iliyosogea. Nilitia tone la ayodini pembeni ili mkia kama upo uonekane. Haukuwepo.

Lilikuwa jambo nililolitaka kwa muda mrefu na limetoka sawasawa kama lilivyoandikwa na watu wenye maabara. Nilisubiri furaha. Niliikalia kitako, nikaingoja kama mtu anayengoja chafya. Halafu nikafunika vichupa nikaenda kumwambia baba.

"Wamesema nini?"

"Wasiopewa dawa mikia imeota. Waliopewa, hawana kitu."

"Wamekufa?"

"Hapana. Wako wazima. Wamelala tu chini."

Akafikiri. Midomo yake ilikuwa imekauka, na nilipompa maji aliyapokea kwa mikono miwili, naye huwa hapokei maji kwa mikono miwili.

"Wanakula?"

"Wanakula mwanga, baba. Nadhani bado wanakula."

"Hawatembei, wanakula, wamelala." Akajigeuza ukutani. "Hao ni mimi."

Nilicheka tena. Zamu yangu.

Wifi alirudi kutoka kanisani, akabadili nguo, akaanza kuandaa chakula cha jioni mapema kama kawaida ya kwetu, kabla baridi haijaingia jikoni. Nikiwa naosha vile vichupa viwili visivyo na dawa nilimsikia anatikisa kopo. Anatikisa, anaweka, anatikisa tena. Akatokea mlangoni amelishika, kopo la majani ya chai ambalo mama alikuwa akiwekea vitu vidogovidogo.

"Wifi, nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Umechukua dawa za mzee?"

"Nimechukua kimoja. Yeye mwenyewe kanipa."

"Kimoja!" Akalipindua kopo. Hakikudondoka kitu. "Na hivi vingine wamekula panya? Najua una wanafunzi wako humo kwenye vichupa. Lakini mzee anaumwa, wifi. Huwezi kuwapa minyoo dawa ya mtu."

"Si minyoo."

"Haya, vyura. Mimi nimpe nini jioni hii?"

Nilikuwa nimeshika kichupa chini ya bomba na maji yalikuwa yanaendelea kutoka.

"Jioni?" nikasema. "Dawa ziko kabatini kwangu. Nampa mimi, asubuhi."

"Asubuhi gani? Mama alikuwa anampa jioni, na chakula. Anatoa humu kwenye kopo. Nami ndivyo ninavyofanya tangu..." Hakumalizia. "Naweka kwenye kisosi, pembeni ya sahani. Kisosi kinarudi kitupu."

Tukatazamana. Baba alikuwa anaviona vyote viwili, cha asubuhi na cha kisosi. Hakuweza kumuuliza mkwewe. Na mimi hakuniuliza kwa sababu, kama alivyosema baadaye, alidhani tumeambiana. Angedhani nini kingine? Watu wawili wanaokaa nyumba moja na kupika jiko moja.

Nilijua mara moja, na sikujua kwa moyo bali kwa kichwa, kama mtu anayesoma. Mwilini kuna sehemu zinazojijenga upya kila siku bila kupumzika, na ya kwanza ni utando wa ndani wa matumbo. Kila seli mpya pale inahitaji matofali yaleyale yapangike ili igawanyike. Matofali yakishikwa, utando wa zamani unaisha na mpya haufuati. Mtu anaharisha. Anatapika. Misuli inalegea. Nilikuwa nimetoka kuliangalia jambo hilo kwa jicho langu mwenyewe, dirishani, mchana kweupe, nikafurahi kwamba limetoka safi. Au nikasubiri kufurahi.

"Tumpeleke," nikasema.

Bajaji ilikuja mpaka kwenye migomba. Tulimpakia baba akiwa amefunikwa blanketi, mimi nikakaa naye. Wifi hakuweza kupanda chombo kimoja na baba mkwe wake. Akapanda bodaboda, akatufuata nyuma, kopo tupu ameliweka mapajani. Nasimulia ukweli, basi nitausema na huu: njiani kote, kichwa cha baba kikinigonga begani kwenye mashimo, nilikuwa najiuliza kama kile kichupa cha kidonge nimekifunika au nimekiacha wazi.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, mgeni kwetu. Alimpima baba, akamfinya ngozi ya mkono ikabaki imesimama, akauliza anatumia dawa gani. Nikampa pakiti. Nikamweleza asubuhi na jioni.

"Huyo anayempa jioni yuko wapi?"

"Nje, dirishani."

"Mwite aingie, nina maswali."

"Hawezi kuingia."

"Anaumwa na yeye?"

"Huyu ni baba mkwe wake."

"Mimi na mama mkwe wangu tunagombania rimoti," daktari akasema. "Mwite."

Nesi, mama mtu mzima wa kwetu, alimgusa daktari kiwiko. "Ngoja, daktari. Wewe uliza, mimi nitapeleka." Akawa anakwenda dirishani, anarudi. Kopo lilikuwa na vidonge vingi? Vingi kiasi. Alikuwa anampa kimoja? Kimoja. Kila jioni? Kila jioni. Kila jibu lilikuwa linarudi fupi kuliko lililotangulia, na daktari alikuwa anaandika huku anavuta pumzi puani.

"Muulize, siku aliyotapika baada ya dawa, alimpa nyingine?"

Nesi akaenda. Akakaa. Akarudi. "Hasemi kitu. Analia."

Hapo baba akafumbua macho. Dripu ilikuwa imeshaanza kuingia. Akageuza kichwa, si kwa daktari wala kwangu, bali kwenye dirisha, ambako ilionekana ncha ya kanga tu.

"Mkamwana," akasema.

Sikuwahi kumsikia akimwita. Nadhani wala yeye hakuwahi kuisikia sauti yake ikisema neno hilo likielekea huko. Nesi akainamisha uso.

"Mkamwana. Siku nikitapika, ulikuwa unaniletea kingine?"

Watu walikuwa wanapita koridoni na ndoo.

"Ndiyo, baba," ikasema ile kanga. "Nilikuwa nakiona kwenye beseni, hakijayeyuka. Nikajua hakijafanya kazi. Nikaweka kingine usiku uleule."

"Mara ngapi?"

"Nyingi, baba. Nisamehe."

"Ndaga," akasema baba. Asante. Akafumba macho. "Daktari, umesikia? Andika."

Daktari akaandika. Kisha akatuambia mimi na nesi, kwa sauti ya chini, kwamba dawa hii ikizidi mwilini hawana kitu cha kuifuta. Wataisimamisha, watampa maji, wataangalia damu na figo, na watangoja mwili wenyewe uisafishe. Kama utaweza. "Umri wake si wa kuchezea," alisema. Nikaitikia kwa kichwa. Nilijua anachosema kwa undani kuliko alivyodhani, na undani huo haukunisaidia chochote.

Tukangoja. Sitaandika siku zile moja moja kwa sababu zilifanana. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia dripu inavyodondoka na nikijikuta narekebisha mpira wake usipinde, hata pale ambapo haujapinda, mpaka nesi akaniambia, "Mwanangu, huo mpira unajua kazi yake." Wifi alikuwa analeta uji. Siku ya kwanza alimpa nesi mlangoni. Siku iliyofuata nesi alisema ana wagonjwa wengi, hawezi kuwa kigoda cha mtu. Wifi akaingia ubavuubavu, kanga imeshuka mpaka puani, akaweka uji kwenye meza ndogo akitazama miguu yake mwenyewe. Baba akatazama dari.

"Umeweka sukari?" akaiuliza dari.

"Kidogo, baba," wifi akaiambia sakafu.

"Ongeza."

Kuna jioni daktari alikaa muda mrefu na karatasi ya majibu ya damu, akaagiza damu itolewe tena. Jioni hiyo nilikwenda nyuma ya jengo, nikasimama karibu na mahali wanapofulia mashuka, nikajaribu kumlilia mama, na baba kwa kutangulia. Nilijaribu kweli. Nilikunja uso jinsi nilivyoona watu wanakunja. Hakikutoka kitu. Ndani mlikuwa na vitu vyote, nilivisikia vilivyojaa, lakini havikushikana kuwa kilio.

Majibu ya pili yalikuwa nafuu. Ya tatu yakawa nafuu zaidi. Halafu baba akasema uji umemchosha, anataka ndizi za kupika zenye maziwa, na nesi akapiga makofi kama tupo kanisani.

Alirudi nyumbani amekonda, na dawa nyingine, na onyo. Wifi akaliweka kopo lile juu ya kigoda sebuleni, katikati, mahali ambapo kila mtu anaona. Dawa zote humo. Kabatini kwangu sikubakiza kitu.

Kile kichupa nilikuta nimekifunika. Nilijisikia vibaya kwa jinsi nilivyofarijika. Seli zilikuwa bado zimelala chini, kijani chake kimepauka. Nilimwaga maji ya juu taratibu, nikaongeza yaliyochemshwa na kupoa, nikangoja zizame, nikamwaga tena, nikaongeza tena, mpaka dawa ikawa imetoka, au mpaka mikono yangu ikakubali kwamba imetoka. Kisha nikawaacha dirishani.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na ukungu. Iliyofuata, mvua. Kulipokucha kweupe baba alikuwa nje, amekaa karibu na simtanki, fimbo mapajani, akiyatazama matofali na ule ukijani wake. Wifi alikuwa jikoni, amempa mgongo. Siku hizi walikuwa wanaongea hivyo, kila mmoja ameelekea kwake. Nikaweka jicho kwenye hadubini.

Wengi walikuwa wamelala vilevile. Baadhi walikuwa wamekufa. Hilo linaonekana, rangi inavuja. Lakini pembeni, upande wa mwanga, mmoja alikuwa anazunguka palepale, kama mtoto anayejifunza kupiga makasia kwa ubao. Kisha wa pili. Nikawatilia ayodini baadhi yao nikapima kwa macho. Mikia ilikuwepo, miwili miwili. Haikufika kimo chake.

"We mama," baba akaita. Aniitavyo siku zote, mama; tangu msiba neno hilo lilikuwa linanifikia likiwa limechoka. "Hukuniambia mwisho. Hao wadudu wamesema nini?"

Nikatoka nje. "Nimewaosha dawa. Wengine wameanza kutembea."

"Wote?"

"Si wote."

"Na mikia?"

"Mifupi, baba."

"Inawafikisha?"

Nilitaka kujibu kwa usahihi. Nilitaka kumwambia kwamba sijapima vizuri, kwamba labda wakingoja itarefuka, kwamba labda haitarefuka, kwamba ningehitaji vichupa vingine na mwanga wa siku nyingine.

"Wanafika," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua fimbo. "Mpigie fundi."

Simu iliita muda mrefu. Fundi alipokea akiwa kwenye kelele ya mashine ya kuchanganyia zege, akanisalimia kwa sauti kubwa, akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu nzuri. Sauti yangu ilikuwa ya kila siku. Kisha akauliza alichokuwa akiuliza siku zote.

"Mzee amesimama?"

Nikageuka. Baba alikuwa ameweka mkono mmoja juu ya matofali na mwingine kwenye fimbo, ananyanyuka polepole. Wifi alikuwa ametoka jikoni, amekuja na kigoda. Amempa mgongo kama inavyopasa, kanga imeshuka, na kwa mguu, bila kutazama, alikuwa anakisogeza kigoda kwa nyuma, karibu na baba, endapo ataanguka.

"Ngoja," nikamwambia fundi.

Baba akanyoosha goti moja. Akapumua. Akanyoosha la pili, si lote.

"Amesimama," nikasema.